Mwanamke wa Kwenye Miwa

Dada Peresi,

Anayekuandikia ni ndugu yako Zakayo, mtu ambaye asipoamka, kiwanda hakisagi miwa. Usianze kucheka. Tangu utuache nimepanda cheo. Zamani nilikuwa nyapara wa wakataji wa kijiji chetu tu, sasa madereva wa matrekta kutoka hapa mpaka Ekero hawawashi injini kabla hawajauliza, "Mzee Zakayo amesemaje?" Mwezi uliopita fundi mmoja mkubwa wa mitambo, mgeni kutoka ng'ambo, alisimamisha gari kando ya shamba, akashuka, akanivulia kofia. Wakataji wangu wanasema alikuwa anapangusa jasho. Huo ni wivu.

Barua tulizofundishwa huanza kwa kusema mimi ni mzima, hofu ni kwako. Nimekaa hapa mezani kwako na kalamu ya binti yako Nafula, nikayaandika maneno hayo, nikayafuta. Kwako sina hofu tena. Hofu yote imebaki upande huu. Mwandiko utauvumilia. Darasa la nne niliondoka kabla halijaniondoa, na herufi nilizo nazo nyingi ni zile ulizonichorea kwa kijiti kwenye majivu ya jikoni, mama yetu akiwa ameshazikwa, nawe mwenyewe ukiwa bado msichana.

Habari za huku ni miwa. Ulipokuwa hai ulisema imetufikia uani. Sasa imetufikia mlangoni. Watu wameng'oa migomba, wameng'oa viazi. Mchungaji amepanda mpaka ukutani mwa kanisa, siku ya upepo kwaya inashindana na majani. Kila mwenye shamba amenunua redio, na kila redio inafunguliwa mpaka mwisho ili jirani ajue ipo. Yangu ndiyo kubwa kuliko zote. Nafula yuko salama. Anafundisha watoto wa darasa la kwanza, analala hapa nyumbani kwako, na bado ananiita mjomba kwa adabu hata ninapomkalia kiti chake. Shamba lako nimelitunza. Miwa yako imesimama kuliko ya mtu yeyote, na hayo si majigambo, njoo uone.

Samahani. Kalamu imeteleza.

Lakini sikukaa chini kukuandikia habari za redio. Nilikaribia kumpoteza Rispa wangu, Dada, na nataka habari hiyo uipate kwangu kabla hujaletewa na watu wanaokuja huko, maana watakuletea ikiwa imeharibika. Na wewe ndiye uliyenianzisha.

Unakumbuka palizi ya mwisho tuliyofanya pamoja, kwenye miwa yangu michanga, yako ikiwa upande wa pili imeshapita vichwa vya watu? Saa ya uji tulikaa wote kwenye kivuli cha trela. Wewe uliweka jembe chini, ukaingia kwenye miwa yako. Nikadhani umekwenda haja. Ulipokawia nikakufuata kwa utani, nikakukuta umepiga magoti juu ya gunia, mikono mapajani, kimya. Hata midomo haikucheza. Nikakwambia kwa hii sauti yangu, "Peresi, sasa Mungu atasikia nini?" Ukanijibu bila kugeuka, "Leo sina la kumwambia, Zakayo. Nimekuja kukaa naye tu."

Nilirudi kwenye uji nikawasimulia wote, tukacheka. Ukaja, ukanywa uji wako uliopoa, ukaendelea na laini yako ya palizi. Hukunikemea. Afadhali ungenikemea.

Mimi maombi yangu unayajua. Nikisimama kanisani, akina mama wanawaweka watoto vizuri mapajani kwa safari ndefu. Nikianza na wagonjwa, nikaja kwa wasafiri, nikapita kwa serikali na mvua na kiwanda, nikifika kwenye amina, chakula cha wageni kimeshapoa. Watu wa ng'ambo ya mto waliwahi kusema wanaitikia amina kutoka kwao. Nilijivunia hilo. Bado najivunia kidogo.

Wiki chache baada ya kukuzika, Rispa akaanza kukohoa. Ulikuwa msimu wa kuchoma miwa, masizi yanaanguka hata kwenye unga, kila mtu anakohoa. Lakini nilikuwa nimekisikia kikohozi chako kikianza hivyohivyo, kidogo, cha asubuhi, cha kufichwa kwenye leso. Nilipokisikia cha Rispa sikungoja kesho. Hospitali wakampiga picha ya kifua, wakampa dawa, wakamwambia arudi dawa zikiisha. Rispa alisema ni moshi. Na mimi nikasema ni moshi, kwa sauti kubwa, mara nyingi.

Siku moja nikaenda kukagua miwa yako, nikapaona pale mahali. Hatua kama kumi kutoka ukingoni, majani makavu yamelala bapa, na gunia lako limekunjwa, limewekewa jiwe juu. Hakuna aliyeligusa tangu ulipoliacha. Nikalikunjua, nikakaa kupumzisha miguu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Kisha nikapiga magoti, nikafungua kinywa nianze na wagonjwa na wasafiri kama kawaida, sauti ikakataa kutoka. Habari ya Rispa ningeiombea wapi kwa sauti? Kanisani angesikia jina lake, angejua naogopa. Nyumbani ndiyo kabisa. Nikasema, "Mungu, ni Zakayo." Basi. Nikakaa. Majani yalikuwa yanasuguana huko juu, trekta inanguruma mbali barabarani. Nilikaa mpaka ikapita. Nilipoinuka nikagundua mabega yangu yameshuka. Kumbe nilikuwa nimeyabeba juu tangu siku tuliyokuteremsha kaburini.

Kesho yake nikarudi. Na kesho yake tena. Wakataji wakikaa kunywa uji, mimi naingia. Siku nyingine nilisema neno moja tu, "Rispa." Siku nyingine hata hilo sikulisema. Na jambo hilo likanifuata mpaka nje, Dada. Nikawa nasimama kidogo asubuhi kabla ya kuinua panga. Trekta ikichelewa, badala ya kumtukana dereva na ukoo wake, naegemea nguzo ya mizani nangoja, na huko kungoja kwenyewe nakukabidhi kwa Mungu. Rispa akinimiminia maji ya kunawa, nayatazama yakianguka mikononi mwangu, nasema ndani kwa ndani, asante, leo bado ni yeye anayemimina. Sikumwambia mtu. Mimi, ambaye nikiota ndoto namwamsha kila mtu nimsimulie!

Sasa wewe unawajua watu wa kwetu. Mtu akiingia kwenye miwa peke yake, anatafuta moja kati ya mambo matatu: haja, muwa wa kuiba, au mwanamke. Akiingia kila siku saa ileile, akatoka na vumbi magotini na majani kwenye sweta, hayo mawili ya kwanza yanafutika.

Aliyeniona ni Wekesa, dereva wa trekta. Siku ya soko pale Ekero, kwenye kibanda cha chai, wanaume wamejaa, akaniuliza, "Mzee Zakayo, huyo wa kwenye miwa anaitwanga nani?"

Ningesema naomba. Ni neno dogo. Lakini niliwatazama wale wanaume, nikaona wote wananitazama kwa heshima, Dada, heshima ya kweli, kama mtu aliyenunua trekta. Nikajiona nikiwaambia kwamba naenda kupiga magoti juu ya gunia la dada yangu, kimya, kwa sababu mke wangu anakohoa. Ningekuwa kichekesho mpaka Mumias. Nikasema, "Mambo ya wakubwa hayaulizwi."

"Tuambie basi kama ni mrefu," akasema Wekesa.

"Mrefu kiasi."

Haki ya Mungu, ni hilo tu nililotaka kusema. Lakini unanijua nikishapewa masikio. Kabla chai haijaisha alikuwa mjane wa upande wa Matungu, ana mwanya, ana baiskeli mpya yenye kengele mbili, na anapika kuku, ile ingokho ambayo ukiila unasahau njia ya kwenu. Nilipomaliza, wengine walikuwa wamenyamaza kwa wivu. Wiki haikuisha, yule mwanamke akanirudia kutoka midomoni mwa watu akiwa na ng'ombe na dada pacha ambao mimi sikumpa. Mkataji wangu mmoja akaapa amemwona. Amemwona! Mimi mwenyewe nikaanza kumtafuta kwa macho barabarani.

Rispa hakupiga kelele. Aliniwekea ugali wake wa obusuma mezani, akaweka mboga, akabaki amesimama.

"Baba Reuben, kwenye miwa ya Peresi unaendanga kufanya nini?"

Nikasema, "Kukagua."

"Kwa magoti?"

Akakohoa, akaziba mdomo na leso, akatoka. Asubuhi alikuwa amefunga nguo zake, akaenda kwao Khwisero. Na dawa hakubeba. Nilizikuta dirishani, chupa na pakiti, zimepangwa vizuri kama yeye anavyopanga kila kitu. Hizo dawa ndizo zilizonivunja, Dada. Ningemkimbilia nazo barabarani, lakini ningefika nimwambie nini?

Mke akirudi kwao huendi kumchukua peke yako kama mtu anayechukua baiskeli kwa fundi. Nilimwomba Mzee Yohana wa kanisani anisindikize. Dawa nilitia mfukoni mwa koti. Tulikalishwa sebuleni, na kaka yake Rispa, shemeji Timona, hakututolea hata maji. Mama mkwe, ambaye kwa adabu yetu hatukai naye chumba kimoja wala hatutazamani usoni, alikuwa jikoni nyuma ya ukuta wa udongo, Rispa pamoja naye. Sikuwaona. Kikohozi nilikisikia.

Timona akasema, "Shemeji, sisi hatuna maneno mengi. Tutajie jina la huyo mwanamke."

Nikasema hakuna mwanamke.

"Wa baiskeli."

"Hakuna."

"Madereva wanamjua. Wakataji wanamjua. Mtu amemwona akinunua unga. Wewe tu ndiye humjui?"

Nikasema, "Nilikuwa naomba."

Walicheka. Dada, walicheka mpaka Mzee Yohana niliyekwenda naye mwenyewe akacheka, halafu akajifanya anasafisha koo. Timona akapiga goti lake kwa kiganja. "Wewe! Wewe ukiombanga, Lurambi wanafunga madirisha! Leo uingie kwenye miwa uombe kimya?"

Maisha yangu yote nimesema uongo ukaaminika, na siku hiyo nilikuwa nimebeba ukweli mmoja tu, hakuna anayeutaka. Nilitaka kupandisha sauti, niape kwa mbingu na nchi. Sauti ilikuwa tayari kooni. Nikaona nikiipandisha, ndiyo nitakuwa yuleyule wa kibandani, na Rispa atabaki huko jikoni na kikohozi chake. Basi nikafanya nilichokuwa nafanya juu ya gunia lako. Nilinyamaza. Nilikaa na hofu yangu mbele ya watu, nikamwachia Mungu, akitaka aseme, asipotaka asiseme.

Ikatoka sauti jikoni. Haikunisemesha mimi, ilimsemesha Timona. Mama mkwe alisema, "Muulize huyo mtu, alikuwa anaomba nini."

Nilijibu nikiutazama ule ukuta. Nikasema nilikuwa naomba kikohozi cha Rispa kisiwe kile cha Peresi. Nikasema siku nyingi nilitaja jina lake tu, kwa sababu zaidi ya hapo sikuweza. Nikatoa dawa mfukoni nikaziweka mezani. Nikasema hata kama hamtanipa mke, mpeni hizi, amekosa za jana na za leo. Sauti yangu ilitoka ndogo sana. Sikujua ninayo sauti ndogo.

Hakuna aliyecheka. Mzee Yohana akavua kofia yake, akaivaa tena. Kisha Rispa akaja mpaka mlangoni, hakuingia.

"Na yule mjane?"

"Nilimtengeneza mwenyewe."

"Na baiskeli?"

"Nayo pia."

"Na kengele mbili?"

"Rispa, vyote."

Akasema, "Baba Reuben, ulikubali watu waseme una mwanamke, usikubali waseme unaogopa." Halikuwa swali.

Alizichukua zile dawa. Hakusema atarudi. Alisema atakuja kupaona hapo mahali, na akinusa uongo hata kidogo, safari yake ya kurudi Khwisero itakuwa ya mwisho.

Siku ya tatu alikuja, na Timona nyuma yake kama askari. Nikawatangulia kwenye miwa yako. Mimi niliyewatembeza wakubwa wa kiwanda mashambani, siku hiyo nilikwenda nikiwafunulia majani njia. Walikuta gunia moja, na katikati yake mabonde mawili ya magoti, yangu yameingia kwenye yako. Timona akainama akayapima kwa kiganja, kama anayekagua nyayo za mwizi. Ndipo Nafula akatokea na jembe begani, akawasalimia, akaniambia, "Mjomba, hilo gunia limeoza. Nilitaka kukuletea jingine, nikaona nitakukatiza ukiwa unaomba."

"Nafula! Ulikuwa unajua?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na watu wanaongea hivi vyote, ukanyamaza?"

"Hakuna aliyeniuliza. Halafu nawe, mjomba, hadithi yako ulikuwa unaipenda."

Rispa ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka mpaka kikamshika kikohozi, na safari hiyo hakutoa leso. Alinishika bega akakohoa waziwazi, akamaliza, akaacha mkono palepale. Timona akaenda zake. Nasikia huko Khwisero anasimulia kwamba yeye ndiye aliyegundua ukweli kwa kupima magoti. Nimemwachia. Ni hadithi nzuri, ningekuwa yeye ningeongeza kidogo.

Rispa amebaki nyumbani. Kikohozi kimepungua, hakijaisha. Hospitali tunarudi mwezi ujao, na sijui wataona nini. Zamani ningekwambia nimeshaongea na daktari mkuu, ni rafiki yangu, kila kitu kiko sawa. Sijui, Dada. Nakaa na huko kutojua kila siku saa ya uji, na Rispa hukaa kando yangu juu ya gunia lake alilokuja nalo mwenyewe. Hatusemezani. Tukitoka, kila mmoja anampangusa mwenzake majani mgongoni. Kwa Wekesa nilikwenda nikamwambia ukweli, mbele ya walewale wanaume. Alikataa kuamini. Anasema namficha yule mjane ili nisiombwe nimtambulishe. Kanisani naomba kwa kifupi sasa, na mara mbili mchungaji ameniuliza kama naumwa.

Miwa yako inakatwa wiki ijayo. Pale mahali patabaki wazi, barabara nzima itatuona. Nilimwuliza Rispa tutakwenda wapi. Akasema, "Tutakaa hapohapo. Wamebakisha nini cha kusema?"

Lala salama, dada yangu uliyenilea. Nakuahidi laini ya kwanza ya miwa yako nitaikata kwa mkono wangu mwenyewe, na sitamwambia mtu jinsi nilivyoikata haraka. Nakuahidi Nafula hatakosa mjomba. Nakuahidi kwamba Rispa akipona nitashukuru, na kama itakuwa vingine, sitamkimbia Mungu. Nitakuja nikae naye tu, kama wewe.

Na jambo moja dogo, ambalo Rispa halijui, na huko uliko usimwambie mtu. Nimekuandikia haya yote ya kumtumainia Mungu kama mtu aliyehitimu. Lakini tangu siku ya kwanza mpaka leo mchana, mle ndani ya miwa sijawahi kufumba macho. Rispa hufumba. Mimi naogopa nyoka.